Mimea ya Ukoo Mmoja na Dawa Zake

Katika nyua nyingi za Pwani, tangu Diani hata Msambweni, huota ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Wengi hulipanda kwa uzuri tu, wala hawajui kwamba majani yake yametoa dawa mbili za saratani.

ALKALOIDI NI NINI?

Mmea hauwezi kumkimbia adui. Kwa hiyo mimea mingi hujikinga kwa vitu vyenye naitrojeni viitwavyo alkaloidi. Aghalabu huwa vichungu, na vingi ni sumu. Kwinini, dawa ya malaria, ni alkaloidi.

UDUGU WA MIMEA

Ua letu lina jamaa katika misitu ya pwani, Rauvolfia mombasiana, mmea uliopewa jina la Mombasa. Ndugu wa mmea huo aliyeko India ndiye aliyetoa reserpini, dawa ya shinikizo la damu, mwaka 1952. Mti wa kwinini ni wa ukoo wa mbuni, lakini koo hizi mbili zina nasaba ya karibu. Alkaloidi zote hizo huanza na kitu kimoja, striktosidini, kisha kila mmea hukigeuza kwa njia yake, kama unga mmoja utoavyo mkate, maandazi na chapati.

Ndiyo sababu mtaalamu akipata dawa katika mmea mmoja, huwachunguza na jamaa zake. Basi msitu kama Kaya Kinondo, uliolindwa kwa miiko ya wazee wa Kidigo, ni ghala ambalo bado halijafunguliwa lote.

DAWA ILIVYOPATIKANA

Mwaka 1952 Daktari Clark Noble wa Kanada alipokea majani ya ua hili kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa ugonjwa wa sukari. Nduguye, Robert Noble, aliyajaribu kwa panya. Sukari haikupungua, bali panya waliodungwa walikufa, maana chembe nyeupe za damu, zilizo walinzi wa mwili, zilipungua mno. Ikadhihirika kwamba kitu hicho chaweza kuzuia chembe za saratani. Mwaka 1958 yeye na Charles Beer walitenga vinblastini. Dawa ya pili, vinkristini, hutumika kwa saratani ya damu na kwa uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na Daktari Denis Burkitt, wa Kampala, mwaka huo huo.

ONYO

Nguvu ile ile iponyayo yaweza kuua. Hospitalini kipimo hukadiriwa kwa uangalifu na damu hupimwa. Katika sufuria hakuna apimaye. Basi majani haya yasichemshwe yakanywewa, wala kwa sukari wala kwa saratani. Na mtoto akivimba taya, apelekwe hospitali ya Msambweni, au iliyo karibu, bila kukawia.