Niliyojifunza Nikiwauliza Wanafunzi Hali Zao

Kazi yangu ni udadisi. Naingia shule za sekondari za kata huku Kanda ya Ziwa nikiwa na kishikwambi na barua za vibali, na kuwauliza wanafunzi wanalala saa ngapi, wamekula nini jana, wana rafiki wa kumweleza shida, wamechapwa wiki hii, wanayaonaje maisha yao. Majibu huenda kwa watafiti wanaochunguza jinsi utulivu wa akili, tabia za kiafya na masomo vinavyoshikana. Wao hupata takwimu. Sisi tunaokaa na mtoto ana kwa ana hupata pia kile kinachotangulia jibu: kunyamaza kwake, anavyogeuka kutazama nyuma, swali analotuuliza yeye. Haya ndiyo yaliyonikaa.

1. Mtoto anajua. Tatizo haliko kichwani mwake.

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini watu hunawa mikono. Atakutajia kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo, na atakueleza vijidudu vinapitia wapi. Kisha nenda naye nyuma ya vyoo. Kibuyu chirizi kinaning'inia kikavu, sabuni hakuna, na maji ya shule nzima huchotwa na wanafunzi wenyewe kwa ndoo kabla ya vipindi. Kwenye dodoso, swali la ujuzi analipata lote. Swali la tabia analikosa lote. Ukikaa ofisini na majedwali utasema elimu haijaingia. Imeingia tangu darasa la tatu.

Utafiti ulionithibitishia jambo hili ulifanyika katika vijiji vya huku huku. Mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mkoani Mwanza, ukiwahusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na wataalamu wa chuo cha afya ya jamii cha London. Jamii 20 zilichaguliwa na kugawanywa kwa bahati nasibu. Kumi zilipata mafunzo ya afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi, huduma rafiki kwa vijana zahanati, na kondomu zilizouzwa na vijana wenzao. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa. Miaka mitatu baadaye waliofundishwa walijua zaidi na walizungumza vizuri zaidi kuhusu kujikinga. Vipimo vya damu vikaeleza habari nyingine: maambukizi ya VVU hayakupungua kwa namna ya kuaminika. Vijana waliposomwa tena mwaka 2007 na 2008, ujuzi ulikuwa bado upo na maambukizi hayakuwa na tofauti.

Nimewasikia watu wakiutaja mradi huo kama uliofeli. Mimi nauheshimu sana. Wangeishia kwenye maswali ya mdomo wangetangaza ushindi, na sisi tungeendelea kuandika mabango. Walipima damu, wakachapisha walichokiona.

Kule Busia, magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na Edward Miguel walikuta jambo la namna hiyo kuhusu minyoo. Katika shule 75, dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa takriban robo. Lakini mafunzo ya afya yaliyoambatana na dawa hizo, yaani kunawa, kuvaa viatu, kutoingia kwenye maji yenye kichocho, hayakubadilisha tabia walizozipima. Na mtoto ambaye nyumbani hana viatu utamfundisha mara ngapi kuvaa viatu?

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani kuelimisha ni kazi bure. Magharibi hiyo hiyo ya Kenya, mchumi Pascaline Dupas alifuatilia jaribio la mwaka 2004 ambapo wasichana wa darasa la nane katika shule 71 walipewa kipindi kimoja tu. Hawakuhubiriwa kuacha ngono. Walionyeshwa takwimu za maambukizi kwa umri, wakaona wenyewe kwamba mwanamume mtu mzima mwenye zawadi ni hatari zaidi kuliko kijana wa rika lao. Mimba zilipungua kwa asilimia 28. Habari ile ilifanya kazi kwa sababu ilimgusa msichana mahali ambapo ana uamuzi: nani wa kumkubali na nani wa kumkwepa. Tangu niusome utafiti huo, kila ninaposhika dodoso jipya natafuta kwanza ni maswali mangapi yanahusu mambo ambayo mtoto anayaamua mwenyewe. Huwa machache.

2. Mahali mlipokaa ni sehemu ya jibu.

Shule nyingi zitakukaribisha kwa ukarimu na kukupa chumba kizuri kuliko vyote, nacho ni kile cha pembeni ya ofisi ya walimu. Kikatae kwa adabu. Mtoto akiulizwa kama ana hofu shuleni huku sauti ya mwalimu wa zamu inasikika dirishani, atajibu hana. Omba kivuli cha mwembe ulio mbali, sehemu ambayo watu wote wanawaona lakini hakuna anayewasikia. Uwazi huo humlinda mtoto na humlinda mdadisi pia.

Halafu kuna salamu. Wanafunzi hutuamkia "Shikamoo mwalimu", na ukiitika "Marahaba" ukaanza kuuliza, umeshakuwa mwalimu, na mwalimu hujibiwa anachopenda kusikia. Mimi huitika, kwa kuwa kutoitikia ni utovu wa adabu, kisha namwambia: mimi si mwalimu, sitoi alama, hakuna jibu la kukosea, na ukitaka kuacha tunaacha na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Mzazi alishatia saini fomu ya ridhaa. Lakini mtoto naye ana kukubali kwake, na nimeona wazi kwamba anayeambiwa kwa dhati kuwa anaweza kukataa ndiye anayesema ukweli.

3. Usiulize swali la tisa kama hakuna wa kulipokea jibu lake.

Wanaofanya kazi hii wanalijua dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuzubaa au kutotulia. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na mara nyingi anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio Kenya na Tanzania. La tisa huuliza kama umepata mawazo ya kwamba bora ungekufa, au ya kujidhuru.

Wakuu wa shule huniomba nilifute, wakihofu kwamba litampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo inatoka kwenye upendo, na ninaielewa. Lakini ilipimwa. Madelyn Gould na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti wa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Walioulizwa kuhusu kujiua hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wasioulizwa, na wale waliokuwa tayari na huzuni nzito au waliowahi kujaribu hawakuumizwa na swali. Kuuliza hakuleti madhara. Madhara huja pale unapouliza, ukapewa jibu, ukabonyeza "endelea".

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza huwa nataka kujua mambo ambayo hayamo kwenye dodoso. Mwalimu wa ushauri na unasihi ni nani, na wanafunzi wanamwamini? Kituo cha afya kina muuguzi au daktari aliyefundishwa afya ya akili? Nauli ya mtoto na mlezi wake italipwa na nani, leo, si baada ya kibali? Nani atakwenda nyumbani? Huku kwetu neno Mirembe, jina la hospitali ya Dodoma, hutajwa mitaani kama tusi, na mzazi anayesikia mtoto wake anapelekwa kwa daktari wa akili huona ukoo mzima umeaibishwa. Zaidi ya hapo, sheria ya Tanzania bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Natamani kuona siku hiyo kwetu, kwa sababu mtoto anayejua kwamba kusema kunaweza kumfikisha polisi ana sababu nzuri ya kunyamaza, na mzazi wake ana sababu nzuri zaidi.

4. Fimbo imo kwenye kila jedwali, hata pale ambapo haikuulizwa.

Unaweza kutafiti utoro, usingizi, maumivu ya tumbo asubuhi, alama za hisabati. Mwisho wa mazungumzo, mtoto anapopumzika, fimbo itatajwa. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa zito, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Wanafunzi ninaowahoji hawazijui kanuni hizo, na baadhi ya walimu hawazijui pia.

Sisemi haya kwa kuwachukia walimu. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini na kipindi cha dakika arobaini hakuonyeshwa njia nyingine chuoni, naye mwenyewe alilelewa hivyo hivyo. Ndiyo maana tafiti zinazonipa matumaini ni zile zinazoanza na mwalimu. Uganda, wilayani Luwero, shule 42 zilihusishwa katika jaribio la mpango wa Shule Bora ulioandaliwa na shirika la Raising Voices. Baada ya miezi 18, wanafunzi walioripoti kupigwa na wafanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa pungufu kwa asilimia 42 katika shule zilizokuwa na mpango. Hapa Tanzania, Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake waliwafundisha walimu wa sekondari kwa muda usiofika wiki moja namna ya kuwasiliana na wanafunzi na kudumisha nidhamu bila kuumiza. Ukatili ulipungua. Chini ya wiki moja ya mafunzo! Vyuo vyetu vya ualimu vina miaka miwili na mitatu ya kufanya kazi hiyo.

5. Angalia ratiba ya bweni kabla ya kumwita mtoto mvivu.

Wataalamu wanapendekeza saa nane hadi kumi za usingizi kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Ratiba nilizokuta zimebandikwa ukutani zinaamsha watoto saa kumi na nusu alfajiri na kufunga masomo ya usiku saa nne. Hesabu ni rahisi, na hakuna dodoso linalohitajika.

6. Anayesikiliza si lazima awe daktari.

Huko Harare, Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wazee wa mtaani kukaa na mtu mwenye huzuni kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kulitatua tatizo moja moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha nafuu ya wazi. Nairobi na Kiambu, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri waliwatumia vijana waliotoka sekondari karibuni kuongoza makundi ya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja. Walizungumzia kukua na kubadilika, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Wanafunzi 413 walihusika, na huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kwa waliopata vikao hivyo.

Si kila kinachofundishwa darasani huleta matokeo. Uingereza, mradi wa MYRIAD ulihusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, takriban nusu yao wakifundishwa tafakuri ya utulivu, na taarifa ya mwaka 2022 ikasema waliofundishwa hawakuwazidi wenzao. Nadhani tofauti moja ni mtu anayeongoza. Nimeona kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwaambia wadogo zake jinsi alivyorudia mtihani, na kundi lililokuwa kimya mbele yangu likaanza kuongea. Alikuwa dada yao, na aliyapitia yote katika madawati yale yale.

7. Rudisha majibu kwa waliokupa.

Kwenye kikao cha mrejesho katika shule moja, mama mmoja alisimama na kusema: "Mtoto wangu mlimuuliza kama anashinda njaa. Sasa mmejua. Itakuwaje?" Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza swali zito kama hilo. Mkuu wa shule alisoma takwimu za shule yake mwenyewe, si za mkoa, na mjadala ukahama kutoka kwetu kwenda kwa wazazi: nani ana mahindi, nani ataleta kuni, mpishi atalipwa nini, na mjane asiye na shamba atachangia kwa njia gani. Walibishana hadi jua likaelekea kuzama, wakakubaliana debe kwa kaya kila muhula, na mtendaji wa kijiji akaandika muhtasari.

Vikao vya namna hiyo ni vichache, kwa kuwa fedha za mradi huisha pale takwimu zinapokamilika. Nauli ya kurudi haimo, karatasi za matokeo kwa Kiswahili hazimo, soda za wazazi hazimo. Siku hizi nikiitwa kwenye semina ya wadadisi, kabla ya kulifungua dodoso, naomba kuonyeshwa mrejesho umeandikwa kwenye mstari upi wa bajeti.