SOMO: KISU CHA KUKUNJA, JINA LA FUNDI NA JASHO LA MFANYAKAZI



Leo tunasoma juu ya chombo kidogo ambacho wengi wetu tunacho mfukoni: kisu cha kukunja. Dereva anakatia kamba, mtu wa ghala anafungulia magunia, na mwenzetu wa mashamba ya mawese Rumonge anamenyea chungwa wakati wa mapumziko. Kikipotea tunanunua kingine, basi.

Lakini wako watu duniani ambao hukusanya visu vya namna hii. Humwendea fundi anayejulikana, humwagiza kisu kimoja, humngoja miezi au hata miaka, na humlipa fedha ambayo kwetu ni mshahara wa muda mrefu. Tusicheke haraka. Tujiulize: kwa nini visu viwili vyenye chuma cha aina moja, kimoja kiuzwe kwa faranga chache na kingine kwa bei kubwa mno? Jibu linatuhusu sisi tunaoishi kwa kazi ya mikono yetu.

1. KAZI ILIYOMO NDANI YA KISU

Kisu cha kukunja kina sehemu tatu kubwa: bapa lenye makali, springi ya mgongoni, na mpini. Bapa hupashwa moto mpaka liwe jekundu, kisha huzimishwa ghafla katika mafuta au maji. Hapo linakuwa gumu, lakini linaweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo fundi hulipasha tena kwa moto mdogo mpaka lionyeshe rangi ya manjano ya majani makavu. Akizidisha moto, makali hayakai. Akipunguza, bapa linakatika. Halafu huisugua springi kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka kisu kifunguke na kufungika sawasawa.

Wakusanyaji hukipima kisu hivi: kikifunguliwa kinalia, bapa haliyumbi kushoto wala kulia, na ukikiinua kwenye mwanga huoni upenyo kati ya springi na mpini. Wanacholipia hapo ni saa za kazi na miaka ya kujifunza. Huko Sheffield, Uingereza, Stan Shaw alianza kazi hii akiwa kijana wa miaka 14, akaifanya mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2021. Wateja wake walikuwa wakingoja zamu kwa miaka.

2. NANI ANAANDIKWA KWENYE CHUMA?

Kampuni ya Case ya Marekani ilianza mwaka 1889, na kiwanda chake kiko Bradford, jimbo la Pennsylvania. Kisu chake kimoja kina namba 6254. Namba 6 ni mpini wa mfupa, 2 ni mabapa mawili, na 54 ni sura ya kisu. Tangu mwaka 1970 waligonga pia nukta kumi, na kila mwaka wakapunguza moja. Kwa hiyo mkusanyaji akitazama chuma anajua kampuni, sura na mwaka. Jina la aliyekinoa hayupo anayeliandika.

Baadaye kampuni hiyo ilishirikiana na Tony Bose wa jimbo la Indiana, fundi aliyetengeneza visu kwa mkono. Fundi alitoa kielelezo, kiwanda kikakifuata, na visu vikauzwa kwa majina yote mawili. Wakusanyaji walivigombea. Tuone vizuri jambo hili: jina la fundi liliongeza bei. Lakini fundi yule alikuwa na karakana yake na jina lake, akaweza kupatana kwa masharti yake. Wafanyakazi waliopiga ribiti na kung'arisha mifupa kiwandani wao hawakuandikwa. Mwenye ujuzi asiyejulikana hupangiwa bei na mtu mwingine. Kama hana karakana yake, basi nguvu yake ni kusimama pamoja na wenzake.

3. VUMBI LA JIWE LA KUNOLEA

Mkusanyaji anaona kisu kinachong'aa. Sisi tuulize kiling'arishwaje. Katika mji wa Thiers, Ufaransa, wanoaji walifanya kazi wamelala kifudifudi juu ya mbao, huku maji ya mto Durolle yakizungusha mawe chini yao. Mbwa walilazwa juu ya miguu yao ili wapate joto.

Sheffield ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1845 Friedrich Engels aliandika, kwa kufuata maneno ya daktari wa mji huo, kwamba walionoa kwa jiwe kavu walikufa wakiwa na miaka kama 35, na walionoa kwa jiwe lenye maji walipita miaka 45 kwa nadra. Vumbi la jiwe na la chuma lilikula mapafu yao. Aliandika pia kwamba baadhi ya wanoaji walivikataa vifaa vya kuzuia vumbi. Waliogopa kwamba hatari ikipungua, watu wengi wataikimbilia kazi ile na mshahara utashuka.

Woga huo tunauelewa. Ila si haki mtu auze mapafu yake ili alinde mshahara. Kinga na mshahara vidaiwe pamoja, na mtu mmoja peke yake hawezi kudai hivyo.

4. JINA LILILOCHUKULIWA NA JINA LILILOLINDWA

Laguiole ni kijiji cha Ufaransa kilichojulikana kwa visu tangu karne ya 19. Jina halikulindwa, na visu vya nchi za mbali vikauzwa kwa jina hilo. Mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja alilisajili kuwa alama yake ya biashara kwa bidhaa nyingi. Wanakijiji waliposhindwa mahakamani mwaka 2012, waling'oa kibao cha barabarani chenye jina la kijiji chao kwa uchungu. Kesi iliendelea kwa miaka.

Mafundi wa Thiers walifanya vingine. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 waliungana, wakakubaliana juu ya sura moja ya kisu na alama moja, "Le Thiers". Kila fundi aliyejiunga na kufuata kanuni anaweza kukitengeneza kwa mtindo wake na kutia jina lake. Alama ni ya wote. Huo ndio umoja wa watu wa kazi.

5. NA SISI BUJUMBURA?

Wahunzi wa Burundi walifua majembe, mikuki na mihoro kabla ya kiwanda chochote kuja. Jembe lilikuwa na heshima hata katika mahari. Kisu cha Okapi, chenye mpini wa mti uliopambwa kwa mwezi na nyota, kilitengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika. Mwaka 1988 kazi hiyo ilihamia Afrika Kusini. Wageni walijua kwamba tunahitaji kisu. Kwa nini tusiwape kazi pia mafundi wetu, wanaoweza kufua chuma cha springi za lori kuukuu?

Anayetaka kuagiza afanye hivi:
– Amweleze fundi kazi ya kisu, na wapatane bei kabla ya moto kuwashwa.
– Aombe mpini wa mti au wa pembe ya ng'ombe. Pembe za ndovu tuziache. Miaka ya 1980 zilipita Bujumbura kwa tani, na uamuzi wa kimataifa wa mwaka 1989 ukapiga marufuku biashara yake.
– Amwombe fundi agonge alama yake mwenyewe, asiige ya kampuni.
– Aandike katika daftari jina la fundi, mwaka, bei na chuma kilichotumika.
– Asiende nacho kwenye pombe wala kwenye ugomvi. Kisu ni chombo cha kazi.

Hata visu vitatu vyenye daftari namna hiyo ni mkusanyo wa maana. Mtoto atakayevirithi atajua ni nani aliyevifua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kazi yako, ni ujuzi gani unaoufahamu ambao haukuandikwa popote?
2. Mahali pako pa kazi pana vumbi gani, na kinga gani imedaiwa?
3. Mafundi wa mtaa wako wangeungana wawe na alama moja, kanuni ya kwanza ingekuwa ipi?