Hukumu ya Talaka na Watoto: Ukitaka Kuipinga

Wengi wanaoniletea hukumu hapa Mabatini wamechelewa tayari. Wameanzia kwa wakwe, wakapita kwa mchungaji, wakamalizia kwa mwenyekiti wa mtaa. Siku hazikuwasubiri.

FANYA

Hesabu siku. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakupa siku 45 tangu siku ya hukumu, si tangu ulipopata nauli. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ihesabie siku 30, usijiongezee hata moja. Ukichelewa utatakiwa kueleza kila siku iliyopita, na kikao cha ukoo si maelezo.

Fungua rufaa panapotakiwa. Rufaa ya ndoa iendayo Mahakama Kuu hufunguliwa kwenye mahakama ileile iliyotoa hukumu, nayo ndiyo hupeleka jalada juu. Ukiruka hatua hiyo, rufaa inaweza kutupwa bila kusikilizwa.

Soma hukumu yako. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria, huna kisingizio. Onyesha hakimu alikosea wapi. Ubaya wa mumeo si sababu ya rufaa. Na kama kosa ni jina au tarakimu tu, omba mahakama hiyohiyo isahihishe.

Kagua cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri mazima kwa sababu cheti hakikuwepo au kilikuwa na kasoro. Hata wewe uliyeshinda, kagua.

Dai jasho lako. Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini liseme tangu mahakama ya chini. Ushahidi uliousahau nyumbani haupokelewi hivihivi kwenye rufaa.

USIFANYE

Usimnyakue mtoto. Baba mmoja alimchukua bintiye shuleni akavuka naye kwenda Ukerewe, eti hukumu ilimwonea. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto kwa anayemlea kihalali. Alikuwa na hoja nzuri. Akaiharibu kwa tiketi ya kivuko.

Na hakuhitaji! Amri ya malezi au matunzo hubadilishwa wakati wowote, hata siku za rufaa zikiisha, ikiwa ilitokana na uongo au makosa ya ukweli, au hali imebadilika kweli. Unapeleka maombi mahakamani, basi. Watu wanalia miaka nje ya mlango uliofunguliwa na sheria tangu 1971.

Usihubiri ng'ombe. "Nililipa mahari, mtoto ni wa ukoo wangu" haikusaidii. Mahakama inatazama maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mamaye mpaka uthibitishe vinginevyo.

Usikate matunzo kwa hasira. Mtoto hakuandika hukumu.

Usidhani rufaa inazuia utekelezaji. Nyumba inaweza kuuzwa huku rufaa yako iko masjala. Omba zuio.

Usimpe wakili kishoka pesa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na kwa asiye na uwezo huduma ni bure. Njoo na hukumu yako siku ya kwanza, si ya arobaini na nne.