Mtoto Hangoji Mbuzi Auzwe

Ukizihesabu kwa mifugo, familia nyingi za Garissa, Wajir na Mandera si maskini. Baba mwenye mbuzi thelathini na ngamia wanne huko Balambala huenda ana mali kuliko karani wa Nairobi. Taabu ni kwamba mali hiyo iko malishoni. Uchungu ukimshika mama saa nane za usiku, dereva wa Probox anataka pesa mkononi au M-Pesa, hospitali inauliza kama mchango wa bima umelipwa, na duka la dawa halipokei mbuzi. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa: kwa shemeji aliye Eastleigh, kwa mjomba aliye Minneapolis, kwa mwenye duka ambaye tayari anawadai. Kukipambazuka, mbuzi anapelekwa sokoni, na mnunuzi akishajua kwamba muuzaji ana mgonjwa, bei anaipanga yeye.

Ninachoshauri ni kimoja, na mengine yote yanatokana nacho: sehemu ya mifugo igeuzwe pesa mapema, katika msimu wake, na pesa hizo ziwekwe mahali ambapo hazitaliwa kabla mtoto hajafika.

Mama akienda kliniki ya wajawazito, muuguzi humwandikia tarehe ya makadirio ya kujifungua katika kijitabu cha mama na mtoto. Chukueni tarehe hiyo muiweke kando ya kalenda ya mvua mnayoijua tangu utotoni. Mvua ya Gu hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni, Deyr kuanzia Oktoba hadi Desemba, na baina yake kuna Hagaa, kisha Jilaal, kile kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Tuseme mama anatarajiwa kujifungua katikati ya Machi. Huo ni mwisho wa Jilaal. Malisho yamekwisha, maziwa yamepungua, na mbuzi amekonda. Nenda soko la mifugo la Garissa umwangalie mnunuzi: kabla hajataja bei, huweka kiganja juu ya mgongo wa mbuzi, akabonyeza vidole nyuma ya mbavu kutafuta nyama. Mfupa ukimchoma vidole, bei imeshuka kabla dalali hajafungua kinywa. Mbuzi huyohuyo mwezi wa Desemba, Deyr ikiwa imenyesha vizuri, ni mbuzi mwingine. Basi anayejifungua Machi auziwe mbuzi wake Desemba. Anayejifungua Septemba, mwishoni mwa Hagaa, mbuzi wake auzwe Juni, Gu ikiwa bado imewaacha wanyama na miili. Mwenye madume naye atazame Idi kubwa iko mwezi gani, kwa kuwa wiki za kabla ya kuchinja ndizo zenye wanunuzi.

Najua mfugaji hapendi kuuza mnyama bila shida iliyomkaba. Mnyama ndiye akiba yake, na anazaa. Lakini tumeona jinsi akiba hiyo inavyoweza kutoweka. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha vya kutosha, na maboma mengi yalibaki na mizoga. Mbuzi wawili waliouzwa mapema wasingeiokoa familia na ukame, ila wangegharamia uzazi wa mwaka ule.

Sasa bima, maana hapa watu wengi bado wanaishi na habari za zamani. Kuanzia Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, na mpango wa Linda Mama ukafuata, ambao haukumdai mama mchango wowote. Mpango huo ulikuwa chini ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, na NHIF imekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuna SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Kujisajili peke yake kunakufungulia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Ukipelekwa hospitali kubwa, unatakiwa uwe umelipa mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara, kama mfugaji, mwendesha boda boda au mama wa kibanda, hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, akapangiwa kiwango. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka mzima mara moja, yaani 3,600. Asiyeweza kuzitoa kwa mkupuo aulizie mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Linganisha 3,600 hizo na viwango ambavyo SHA yenyewe imepanga kuilipa hospitali: shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa njia ya kawaida, na 30,000 kwa upasuaji. Hakuna mama anayejua kwa hakika kwamba hatafanyiwa upasuaji. Kwa hiyo katika pesa zote za uzazi, mchango huu ndio wa kwanza kulipwa, kabla ya nguo, kabla ya kitanda, kabla ya karamu. Piga *147# ujisajili, na ukimaliza hakikisha jina la mke wako limo kama mtegemezi wako. Wapo waume wanaolipa mwaka mzima na mke hajaandikwa. Jambo hilo hugunduliwa mlangoni mwa wodi, mama akiwa kwenye uchungu. Mtoto naye aongezwe mara tu anapozaliwa.

Kujisajili kunataka kitambulisho, na hapa Kaskazini Mashariki hilo ni jambo zito. Kwa miongo mingi kijana wa huku alipitishwa kwenye msasa ambao kijana wa Nyeri hakuujua. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuuondoa msasa huo wa ziada. Kama mke wako hana kitambulisho, usingoje mimba ikomae. Nendeni kwa chifu sasa, tumbo likiwa bado dogo na safari ikiwa bado nyepesi.

Baada ya bima, usafiri. Kwa anayekaa Bulla Iftin, safari ni ya tuktuk. Kwa anayekaa Hulugho, Liboi au kijiji cha ndani cha Lagdera, usafiri unaweza kuwa gharama kubwa kuliko zote, na si kila usiku unapatikana kwa bei yoyote, kwa sababu barabara nyingi hazipitiki baada ya giza, ama kwa matope, ama kwa usalama. Ongeza mafuriko. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliikata barabara upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua na bei za bidhaa mjini Garissa zikapanda. Kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji, au mwenye shinikizo la damu, au mwenye mimba ya pacha, nauli ya bei nafuu ni ile ya mchana, wiki mbili au tatu kabla ya siku zake, kwenda kukaa kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Mwenyeji apelekewe unga, sukari na mafuta ili ugeni usiwe mzigo. Chakula hicho ni rahisi kuliko kukodi gari zima usiku. Na kabla ya siku kufika, ongeeni na ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu, na namba ya dereva iwe kwenye simu ya mama mwenyewe, isiwe kwa baba peke yake.

Pesa hizi ziwekwe wapi? Kina mama wa huku wana jibu tangu zamani: ayuuto, ambayo wengine huiita hagbad. Wanawake kumi wanachanga kila wiki au kila mwezi, kila zamu mmoja anachukua chote. Haina riba, kwa hiyo haimsumbui Mwislamu, na haina fomu. Wengi hawaitumii uwezo wake wote, kwa kuwa hupokea zamu yoyote inayowaangukia. Mjamzito aombe zamu yake mwanzoni kabisa, mchango wa kwanza ukikusanywa, na aombe iangukie mwezi wa nane wa mimba. Wenzake wakijua sababu, ni nadra kukataa. Mwezi wa tatu ni mapema mno, pesa zitaliwa. Mwezi wa tisa ni kucheza na hatari, kwa sababu mtoto huweza kutangulia. Asiye na ayuuto anaweza kufungua akaunti isiyo na riba katika benki zinazofuata sharia, au kumkabidhi mtu mwaminifu asiyeshawishika kuzikopesha kwa maneno matamu. Ila zisikae katika M-Pesa ile anayonunulia sukari.

Kwa familia isiyo na mifugo hesabu ni ndogo lakini inawezekana. Tuchukue mwendesha boda boda ambaye mkewe ana mimba ya miezi miwili. Akiweka shilingi 50 kila siku kwa miezi saba, anapata 10,500. Akitoa 3,600 za SHA, anabaki na 6,900 za nauli, leso, beseni, nepi, pamba na chakula cha siku za kwanza. Na baba anayenunua miraa ya shilingi 200 kila siku anatumia 6,000 kwa mwezi mmoja. Namwambia bila kumficha: pesa ya uzazi anayo, iko shavuni. Apunguze robo tu, atakuwa ameziweka zile 50.

Kuna gharama inayosahauliwa karibu katika kila nyumba: siku arobaini. Mama anakaa ndani, anakunywa supu na uji, na anahudumiwa mpaka afartanbax, siku ya kutoka ndani. Ni desturi nzuri na mwili unaihitaji. Lakini mama huyo ndiye aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia, au chai na mahamri, na siku arobaini hizo biashara haiingizi chochote. Nyumba inaanza kula mtaji. Leo shilingi mia tano, kesho kutwa nyingine, na akitoka ndani hana pa kuanzia. Basi mtaji uhesabiwe mapema, utengwe, na mtu wa kushika kibanda apatikane mwezi mmoja kabla: dada, binti wa shangazi, au jirani wa sokoni kwa makubaliano ya kugawana faida. Aje ajifunze wateja na wauzaji mama akiwa bado yupo. Chakula cha siku arobaini nacho kiwe na fungu lake. Unga, mchele na mafuta vinunuliwe kidogo kidogo kuanzia mwezi wa saba.

Wanqal, yaani karamu ya akika, ni furaha, na hakuna anayetaka kuinyima familia furaha yake. Hata hivyo wanazuoni wengi wanaihesabu akika kuwa sunna na si faradhi. Mbuzi mmoja kwa binti na wawili kwa mvulana wanatosha kwa mwenye nacho, na asiye nacho hana lawama. Kukopa ili ukoo mzima ule siku ya saba, kisha mama akose nyama siku ya ishirini, ni kumgeuzia mgongo mwenye karamu yake. Mjomba wa ughaibuni akiuliza atume nini, aambiwe: mchango wa SHA na chakula cha mama.

Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita yanaokoa pesa nyingi kuliko chochote. Maziwa ya kopo ni ghali, yanataka maji safi na kuni, na mtoto akipata kuhara kwa chupa chafu unalipia mara ya pili. Maji ya sukari na maziwa ya ngamia vingoje. Chanjo katika vituo vya umma hazilipiwi, kuanzia ya kifua kikuu anapozaliwa hadi ya surua ya miezi tisa na kumi na minane.

Walioajiriwa wana haki yao katika Sheria ya Ajira ya 2007: mama miezi mitatu yenye mshahara kamili, baba wiki mbili zenye mshahara kamili. Mwajiri apewe taarifa ya maandishi angalau siku saba kabla. Baba wengi hawaziombi hizo wiki mbili. Waziombe.

Mwisho kabisa, karatasi. Hospitali hutoa taarifa ya kuzaliwa. Kwa aliyezaliwa nyumbani, taarifa ipelekwe kwa naibu wa chifu. Uandikishaji ukifanywa ndani ya miezi sita ni mwepesi. Ukipita hapo unakuwa uandikishaji wa kuchelewa, wenye ushahidi zaidi na safari zaidi, na kila safari ya kwenda mjini ni nauli.

Baba unayesoma haya na mkeo ana mimba: usiku wa leo kaeni wawili, mfungue kijitabu cha kliniki, mhesabu miezi iliyobaki, mchague mbuzi na mwezi wa kumuuza. Kesho asubuhi piga *147#. Kama hajaanza kliniki bado, mpeleke kesho hiyohiyo.