Nyumba Iliyofagiwa Isiachwe Tupu

Katika sura ya 11 ya Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu asimulia habari ya pepo mchafu aliyefukuzwa ndani ya mtu. Atangatanga asipate makao, kisha arudi kuitazama nyumba yake ya zamani. Aikuta imefagiwa, safi kabisa, lakini haina mwenyewe. Basi awaita wenzake saba wabaya kuliko yeye, na mtu yule aharibikiwa kupita mwanzo.

Wasomaji wetu wajua mfano huo. Leo twataka kuutumia kwa jambo linalozisumbua jamaa nyingi za nchi yetu, yaani mazoea ya mirungi. Twachukua ushuhuda wetu katika milima ya Upare, wilaya ya Same, kwa sababu huko mambo mawili yaonekana kwa pamoja: shamba la mirungi ling'olewalo, na shamba la tangawizi lipandwalo. Atakayefahamu uhusiano wa hayo mawili atafahamu pia jinsi mtu anavyopona.

I. Mirungi ni kitu gani?

Mirungi ni majani na vikonyo laini vya mti unaoota katika nchi za milima, toka Uhabeshi hata kusini mwa Afrika. Wengine huiita gomba. Jirani zetu wa Kenya huiita miraa, nayo hulimwa kwa wingi katika milima ya Nyambene, huko Meru, na sheria ya kwao yaruhusu. Hapa Tanzania sheria yaikataza. Uingereza nayo, iliyokuwa soko kubwa la miraa ya Kenya, iliipiga marufuku mwezi wa Juni 2014.

Nguvu ya mirungi yatoka katika kemikali iitwayo kathinoni, iliyo ya jamaa moja na dawa ya kuchangamsha iitwayo amfetamini, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko hiyo. Kemikali hiyo haikai. Majani yakinyauka, kwa muda wa siku mbili hivi, sehemu kubwa ya nguvu yake imekwisha. Ndiyo sababu wauzaji huyafunga majani hayo katika majani ya mgomba na kuyakimbiza sokoni yangali mabichi. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia: mirungi huuzwa upesi, na fedha yake hupatikana leo leo.

II. Madhara yake

Mwenye kutafuna hujiona mchangamfu. Maneno humtoka kwa wingi, usingizi humpaa, na njaa haisikii. Kwa hiyo hupendwa na madereva wa malori, walinzi wa usiku, vijana wa bodaboda, na hata wanafunzi wakikaribia mtihani. Lakini mwili haukupewa nguvu mpya. Umelazimishwa tu kutumia akiba yake. Stimu ikimwishia, mtu huingiwa na simanzi, hukasirika kwa neno dogo, na viungo humwia vizito. Naye, ili aondoe uzito huo, hutafuta kitita kingine. Hapo ndipo mazoea yanapoanza kumtawala.

Waganga watuambia mengine. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda, choo hufunga, fizi na kinywa huharibika. Mama mjamzito atafunaye humtia mtoto wake katika hatari ya kuzaliwa na uzito mdogo. Wako pia baadhi ya watu, hasa wanaotumia kupita kiasi, wanaofikia kusikia sauti zisizokuwapo na kudhani kwamba kila mtu awawinda.

Lakini tuseme kweli bila kutia chumvi. Mirungi haimkamati mtu kwa ukali wa heroini. Wengi wanaoiacha hupata siku kadhaa za uchovu, ndoto mbaya na huzuni, kisha mwili hutulia. Twayasema haya kwa makusudi. Kijana akiambiwa kwamba jani moja litamwua, naye amwona jirani yake akitafuna mwaka wa kumi yu mzima, hatatuamini tena hata tutakapomwonya juu ya heroini yenyewe.

Hasara iliyo kubwa zaidi yaonekana nyumbani. Kutafuna mirungi kwataka saa nyingi, na saa hizo zatolewa katika kazi na katika malezi. Fedha ya unga yaishia kijiweni. Mama alima peke yake. Watoto walala kabla baba hajarudi, naye arudi akiwa hana usingizi wala subira. Bandu bandu huisha gogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika ibara ya 2291, yafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo haja ya tiba ni kosa zito, na kwamba wazitengenezao kwa siri na wafanyao biashara yake washirikiana na uovu. Fundisho hilo lamgusa mtumiaji, tena lamgusa mkulima na mchuuzi.

III. Kung'oa peke yake hakutoshi

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015, imepanda milima ya Same zaidi ya mara moja. Mwaka 2023 maofisa wake waliteketeza mashamba ya mirungi katika kata ya Tae. Sheria ina haki ya kutiiwa, na adhabu zake ni nzito. Hata hivyo shina likikatwa juu, mzizi huchipua. Na mtu aliyeng'olewa mirungi bila kuonyeshwa zao jingine hutamani kuirudia.

Mkulima ana swali lake: «Ada ya mtoto nitailipa kwa nini?» Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini naye aulizwe lake: je, ni haki kumweka mtoto wako shuleni kwa fedha ya jani linalomtoa shuleni mtoto wa mwenzako? Kila upande ujibu swali la mwenzake kwa dhamiri safi, ndipo tutakapoelewana.

Basi tutazame Mamba, katika milima hiyo hiyo ya Upare wa Kusini. Watu wa huko wasifika kwa kilimo cha tangawizi. Wakulima waliungana katika ushirika, na Mamba Miamba pakajengwa kiwanda cha kusindika zao hilo. Tangawizi hailipi kwa haraka ya mirungi. Hukaa ardhini miezi minane au tisa, tena bei yake hupanda na kushuka. Anayehama kutoka zao la fedha ya leo kwenda zao la kungoja miezi tisa ana bonde la kuvuka katikati, na asipopata daraja atarudi alikotoka. Daraja hilo ni ushirika wenye hesabu safi, akiba na mikopo ya haki, mbegu njema, na mnunuzi wa hakika. Anayemhimiza mkulima aache mirungi na amsaidie kulijenga.

IV. Mtu naye ni shamba

Yaliyosemwa juu ya shamba yamhusu na mtu. Anayeacha mirungi, bangi, pombe au heroini huwa na bonde lake la kuvuka. Zile saa alizokuwa akikaa kijiweni zi tupu. Rafiki zake wote wako kule kule. Na furaha ya nyumbani, kama tangawizi, haivunwi kwa siku moja. Wengi huanguka hapo, si kwa kukosa nia, bali kwa sababu nyumba imefagiwa ikaachwa tupu.

Wa kwanza wa kuendewa ni mganga. Aliyenaswa na heroini asiteseke kwa arosto peke yake nyumbani, wala asifungwe kamba na ndugu zake. Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, tiba hiyo imefunguliwa katika miji mingine pia. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku chini ya uangalizi, akaweza kufanya kazi na kukaa na watu wake. Kwa mirungi haiko dawa ya namna hiyo, lakini mganga aweza kutibu usingizi uliovurugika, huzuni iliyozidi, na maradhi ya moyo.

Wa pili ni Mungu, katika sala na sakramenti ya Kitubio. Tumtazame Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, aliyezaliwa mwaka 1856, kibarua aliyekuwa mlevi tangu utoto. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kutokunywa kwa miezi mitatu tu. Ilipotimia akaiongeza, hata ikawa ya maisha. Saa za kilabuni alizijaza kwa Misa ya alfajiri, kazi, na kusoma vitabu vya dini. Alikufa mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa. Alianza kwa ahadi aliyoweza kuitimiza. Mwenye kuacha leo naye asiogope kuanza na wiki moja.

V. Kazi ya jamaa na jirani

Wapare wana neno zuri, msaragambo, yaani kazi ya wote kwa faida ya wote. Kwa msaragambo walichimba mifereji, wakajenga na ndiva zao za kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Ndiva ikivuja, hakuna amwambiaye mwenye shamba la chini kwamba ni shauri lake. Kupona kwa mlevi nako kwataka msaragambo.

Wazazi, semeni na watoto wenu mapema, na msitume mtoto kununulia mgeni kitita. Mke au mume wa mwenye kuacha ampe kazi ya kweli nyumbani, wala asimkumbushe makosa ya jana kila jioni. Jumuiya Ndogo Ndogo imwalike kwa jina, impe zamu yake kama wengine. Waajiri wa madereva wasipange safari ambazo mtu hawezi kuzimaliza bila kutafuna. Na kwa kuwa milima ile ni ya Wakatoliki, Waluteri, Wasabato na Waislamu pamoja, jambo hili lisiachiwe dini moja.

Je, akianguka tena? Petro alitaka kujua idadi ya kusamehe, na msomaji akumbuka alivyojibiwa. Aliyeanguka mwezi wa tatu amekwisha kushinda miezi miwili. Arudishwe kazini, arudishwe kwa mganga, arudishwe kwa padri. Wiki hii, kila jamaa inayosoma somo hili na imtafute mmoja anayejaribu kuacha, imkaribishe chakula cha jioni, saa ile ile ambayo zamani alikuwa akienda kijiweni.