SOMO: UPENDO WA KUUNGA VIPANDE VYA NGUO UNATOKA WAPI?



Fundi akimaliza kukata kikwembe, chini ya mashini yake kunabaki vipande vidogo. Wengi wanavifagia na kuvitupa. Lakini katika inchi nyingi kuna watu ambao wakiona vipande vile wanaviokota, wanavipanga, wanaviunga mpaka vinakuwa bulangeti. Kwa Kiingereza bulangeti ya namna hii inaitwa kwilti. Ina tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa; katikati pamba ao bulangeti ya zamani; chini kitambaa kizima. Kisha sindano inapita katika zote tatu ili zishikamane.

Ulizo la leo ni hili: mtu anafika namna gani kuipenda kazi hii? Wengi wanasema: «Yule alizaliwa na kipaji, mimi sina.» Wanangoja upendo uje kwanza, ndipo waanze. Lakini upendo wa kazi hautangulii kazi, unaifuata nyuma. Tutwae mfano wa kijiji kimoja cha Marekani.

Gee's Bend iko katika jimbo la Alabama, pale mto unapopinda na kuzunguka kijiji pande tatu. Leo jina lake la serikali ni Boykin. Wakaaji wengi ni wazao wa watumwa waliolima pamba pale, na wengi wangali na jina Pettway, jina la bwana aliyemiliki shamba na watumwa. Wamama wa kijiji hiki wanatufundisha mambo tatu.

1. UHITAJI. Zamani nyumba zao zilikuwa za mbao, na upepo wa baridi ulipita kati ya mbao. Bulangeti za duka zilikuwa za bei, na franga hazikuwapo. Basi mama alitwaa suruali zilizochakaa na magunia, akakata pale penye nguvu bado, akaunga. Binti alijifunza kwa kukaa karibu naye. Kwanza haukuwa mchezo. Ilikuwa kazi ya kufunika watoto. Lakini hata ndani ya uhitaji upendo uliingia. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na bwana wake. Alitwaa nguo za kazi za marehemu, akaziunga kuwa bulangeti ya kumkumbuka na kujifunika. Binti yake Arlonzia ndiye aliyesimulia habari hii baadaye. Nani atasema kwamba ile ilikuwa kazi ya bure?

2. KUKAA PAMOJA. Desturi ya Gee's Bend ni hii: kila mama anaunga vipande vyake peke yake nyumbani, lakini kushona zile tabaka tatu wanafanya pamoja, wakizunguka mbao zinazonyoosha kitambaa, wakiimba na kusali. Pale aliye mupya anaona mkono wa aliye mzoefu. Mwaka 1966, wakati weusi wa sehemu ile walikuwa wanapigania haki ya kupiga kura, wamama wa Gee's Bend na wa vijiji vya karibu waliunda chama cha kuuza kazi yao, Freedom Quilting Bee. Wengi walipata mshahara juu ya sindano zao. Chama hicho kilifungwa mwaka 2012, lakini kazi ya sindano haikufa.

3. UHURU WA KUCHAGUA. Kazi ya chama ilifuata kipimo cha wanunuzi, kila kitu sawasawa. Nyumbani ilikuwa mambo mengine. Vitambaa vizito vilivyobaki kwenye kazi ya chama vilipelekwa nyumbani, na kila mama alivipanga kwa akili yake. Wana mtindo mmoja unaoitwa «paa la nyumba», miraba ndani ya miraba. Lakini hutaona mbili zinazofanana kabisa. Hapa ndipo kazi ya lazima inageuka kuwa furaha. Mwaka 2002 bulangeti zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa tembre kumi zenye picha zake. Zilizofunika watoto sasa zilitundikwa ukutani kama picha za wafundi wakubwa.

NAMNA YA KUANZA

Usianze na bulangeti nzima, utachoka, utaichukia. Omba fundi wa karibu vipande vya pamba. Vifue kwanza, sababu kikwembe kipya kinaweza kuchuja rangi ao kupunguka. Kata miraba tisa, kila mmoja sentimetre 12 kila upande. Vipange mezani, mistari mitatu ya mitatu, vibadilishe mpaka jicho lako likubali. Shona kwa kuacha sentimetre 1 pembeni. Kwanza mistari, halafu unga mistari. Piga pasi kila mshono kabla ya kuendelea. Ukimaliza utakuwa na mraba wa sentimetre 32: unatosha upande mmoja wa mto mdogo. Mshono ukipinda, fungua, rudia. Siku utakapomaliza kitu kimoja kidogo na kumpa mtu anayekihitaji, utajikuta unatafuta vipande vingine bila kutumwa.

Na ninyi vijana mnaocheka sehemu ya ushonaji, mkisema ni kazi ya wasichana: nani anakata suruali zenu sokoni? Si wanaume?

MAULIZO
1. Taja mambo tatu yaliyokuza upendo wa kazi kule Gee's Bend.
2. Juu ya nini bulangeti ya Missouri Pettway ilikuwa zaidi ya kitu cha joto?
3. Ni kazi gani unayosema huipendi, na kumbe hujaimaliza hata mara moja?