Zulia Kwenye Nchi ya Udongo Mwekundu

Ukiishi Nyakitonto, au popote kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, zulia lako lina maadui wawili wanaopokezana zamu. Kiangazi, kuanzia Juni, vumbi jekundu la barabarani huingia hata kama mlango umefungwa. Mvua zikishika mwezi wa kumi na moja, ni zamu ya tope, na halitoki mpaka Mei. Wengi wetu huhangaika na madoa kwa sababu ndiyo mgeni anayoyaona. Lakini zulia lenye doa laweza kukaa miaka. Kinacholimaliza ni mchanga uliozama chini ya manyoya: kila anayepita anausaga kwa mguu wake, nao unakata nyuzi kwenye mizizi.

Kwa hiyo kazi inaanzia mlangoni. Kunja gunia la katani uliweke nje, na jingine kavu liwe ndani ya kizingiti. La salfeti halifai, linateleza na halishiki tope. Viatu vibaki nje, na mwenyeji asione haya kusema hivyo. Kama unapokea wazee, weka kigoda hapo mlangoni wakae wavue kwa nafasi. Kumwacha mzee asimame kwa mguu mmoja akihangaika na kamba za kiatu si heshima, hata kama zulia ni jipya.

Kufagia juu juu kila siku hakuondoi mchanga. Mara moja kwa mwezi, na kiangazi mara mbili, ligeuze zulia kifudifudi palepale sebuleni, watoto walikanyagekanyage, kisha lifunue. Utakuta sakafuni unga mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga, na hapo ndipo mwenye zulia anapoamini. Baada ya hapo litoe nje, litundike kwenye boriti mgongo ukiwa juu, ulipige mgongoni kwanza. Ukianzia usoni unausukuma mchanga ndani zaidi. Uzio wa seng'enge usiutumie kama kamba, unachana.

Chini ya zulia nako kuna mambo. Sakafu ya saruji iliyomwagwa juzi bado ina maji. Iache mwezi mzima au zaidi kabla ya kutandika chochote. Hata ya zamani ipime: bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, kilale usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, unyevu unapanda, na zulia likikaa hapo litaoza mgongo huku uso ukiwa bado unang'aa. Tanguliza turubai, na uliinue zulia kila baada ya wiki chache sakafu ipate hewa. Kwenye sakafu ya udongo tatizo kubwa zaidi ni mchwa. Wanapenda mgongo wa pamba au jute, na mpaka uwaone wameshakula robo. Hapo ningeshauri mkeka kwanza, zulia lisubiri saruji.

Tope likiingia, usilisugue likiwa bichi. Acha likauke kabisa, livunjevunje kwa mkono, piga brashi, na sehemu kubwa itatoka bila maji. Wekundu unaobaki ni wa madini ya chuma, ndugu wa kutu, ndiyo maana jiki haiufai kitu. Jiki itakula rangi ya zulia na kuuacha wekundu ulipo. Jaribu maji ya ndimu, lakini anza kwenye pembe iliyojificha chini ya kochi.

Na mawese, maana huku hakuna nyumba isiyoyapika. Yakimwagika, baridi yetu ya asubuhi inakusaidia: yakishaganda yakwangue kwa kijiko, nyunyiza unga wa muhogo, uache saa kadhaa unyonye, ufagie, urudie. Ndipo uje na sabuni kidogo na maji ya uvuguvugu. Kivuli cha rangi ya chungwa kinachobaki hupaushwa na jua. Usithubutu kupitisha pasi ya mkaa juu ya karatasi, kama wengine wanavyofundishana. Mazulia mengi ya sokoni ni nyuzi za plastiki, na pasi ile haina kipimo cha moto.

Kulifua lote ni kazi ya Julai au Agosti, kwenye mteremko, jua likiwa la uhakika. Sabuni ya unga iwe kidogo kuliko unavyotamani, kwa sababu isiyosuuzwa ikaisha hubaki inanata na kukaribisha vumbi upya. Suuza mpaka maji yatiririke meupe, kisha lianike penye upepo. Kabla ya kulirudisha ndani, bana manyoya kwa vidole mpaka kwenye mgongo uone kama bado kuna unyevu. Uso hukauka siku ya kwanza, mgongo hutaka hata siku mbili zaidi.